Bibi Hakuvaa Gunia: Somo Juu ya Kuchunguza na Kushona Upya Mavazi ya Zamani



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha somo ambalo hatukulipanga. Mtakumbuka kwamba mwaka 2018 Kanisa Katoliki Tanzania Bara liliadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, tangu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Baada ya adhimisho lile, parokia kadhaa ziliendelea kuandaa maigizo ya historia, kila moja kwa somo wake au kwa yubilei yake. Katika parokia moja ya pwani tunayofanya nayo kazi, vijana waliigiza watumwa wakiletwa pwani, wakikombolewa, wakipewa viwanja katika kijiji cha misheni, na mwisho wakifunga ndoa. Kuanzia onyesho la kwanza hadi la mwisho, waliokuwa watumwa walivaa magunia yaliyotobolewa matundu ya kichwa na mikono. Hata bibi arusi alivaa gunia, ila lake lilikuwa na ua.

Watu walipiga makofi. Sisi pia tulipiga makofi, maana cherehani zilizotoboa na kupinda magunia yale zilikuwa za kikundi chetu cha ushonaji.

Baada ya igizo mama mmoja mzee, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, aliomba kusaidiwa kusogea hadi walipoketi wanakamati. Bibi yake mzaa baba alikuwa mmoja wa watoto waliokombolewa. "Wanangu, mmefanya kazi nzuri," alisema. "Lakini bibi yangu nilimzika kwa mikono hii. Gunia hakuvaa. Gunia tulilivaa sisi wajukuu, wakati wa vita ya Hitler, nguo zilipoadimika. Bibi alikuwa na shuka zake na leso zake, na alizikunja vizuri kuliko ninyi." Mwenyekiti akamjibu, "Shikamoo Bibi, tusamehe, tulitaka kuonyesha mateso." Naye akasema, "Marahaba. Mateso yaonyesheni. Lakini msimvue nguo mtu aliyezitafuta mwenyewe."

Hapo ndipo somo lilipoanza.

Mtu mmoja, nguo mbalimbali

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba hakuna "vazi la mtumwa" moja linaloweza kuvaliwa katika igizo zima. Mtu yule yule alibadilishiwa nguo, au alijibadilishia, kila hali yake ilipobadilika. Msafarani wengi walifika pwani na kipande cha kitambaa kiunoni, au ngozi, au karibu uchi kabisa. Lakini sokoni mambo yaligeuka. Nahodha Mwingereza Thomas Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811, alisimulia jinsi watu waliokuwa wakiuzwa walivyopakwa mafuta ya nazi na kupambwa kwa vikuku kabla ya kutembezwa mbele ya wanunuzi. Kwa hiyo pale tulipodhani panafaa matambara zaidi, yaani sokoni, ndipo pambo lilipokuwa jingi zaidi, na pambo lile lilikuwa mali ya muuzaji. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Vijana wetu walishangaa sana kusikia hili. Msichana mmoja alisema onyesho la namna hiyo litamtisha kuliko la gunia, na tunaona alisema kweli.

Mtumwa aliyekaa pwani alivaa hasa merikani au kaniki. Merikani ni pamba nzito isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, iliyoletwa na merikebu za Marekani, hasa kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa sahihi mwaka 1833, na mwaka 1837 Marekani ikawa na konseli wake Unguja. Vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, iliiharibu biashara ile kwa kukosekana pamba, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Jina merikani lakini lilibaki, na hadi leo ukienda dukani ukaomba "marekani" utapewa kitambaa cha namna ile ile, popote kilikofumwa. Kaniki ni kitambaa cha namna hiyo kilichotiwa nili mpaka kikakaribia weusi.

Wanawake walijifunga shuka kwapani, na wanaume kiunoni. Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana Unguja, katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, aliuingiza ukaya katika orodha yake ya maneno: kitambaa kirefu cha buluu ambacho wanawake watumwa wa Unguja walijifunika kichwani, chenye ncha mbili zilizoning'inia karibu kufika chini. Ni neno moja tu katika orodha, lakini lilitupatia vazi zima. Tunazishauri kamati zitafute kamusi za zamani kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Kamusi haina haja ya kumpendeza mtu.

Kisha ikaja leso. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizokuwa zinauzwa zikiwa bado hazijakatwa, wakakata sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga kuwa nguo moja ya kujifunga. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno. Katika miaka ya 1870 na 1880 wafanyabiashara walianza kuagiza nguo ya ukubwa ule ikiwa imechapwa kipande kimoja, na kwa kuwa ilikuwa na madoadoa ikaitwa kanga, kama ndege. Majina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa hizi za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887 lilikuwa miongoni mwa yaliyojulikana sana kwa kanga hizo, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" wazee wengi bado wanaikumbuka.

Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, Mombasa na pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliokuwa huru waliiacha kaniki na kuivaa kanga. Hii haikuwa fasheni tu. Kaniki ilikuwa inakutambulisha njiani kabla hujafungua mdomo. Mwanamke aliyefanya vibarua akaweka senti mpaka akanunua doti yake ya kwanza alikuwa anasema jambo mbele ya mtaa mzima. Sisi tulimvika gunia na ua.

Tulivyotafuta ushahidi

Kamati ya watu watano iliundwa: katekista, walimu wawili, fundi cherehani na yule Bibi mwenyewe. Tulianza na picha. Tulitembelea jumba la makumbusho la misheni Bagamoyo, na vijana wetu wa sekondari wakatafuta kwenye intaneti, ambako Chuo Kikuu cha Southern California kimeweka mkusanyo mkubwa wa picha za zamani za mashirika ya misheni, zikiwemo za Waleipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na za Wamoraviani wa Rungwe. Picha hizo zinaweza kutazamwa bure. Parokia za bara zitapata humo zaidi kuliko sisi wa pwani.

Katika picha za misheni za pwani utaona mara nyingi wavulana wenye kanzu au mashati ya kitambaa cheupe, na wasichana wenye shuka. Lakini picha inataka kuulizwa maswali kama shahidi mwingine yeyote. Nani aliipiga, na alitaka nani aione? Picha nyingi zilipigwa ili zipelekwe Ulaya kwa wafadhili. (Wafadhili wetu watatusamehe, nasi picha za jarida hili tunazichagua, na cherehani mbovu hatuipigi.) Mtu aliambiwa asimame, akavaa nguo yake nzuri kuliko zote, au akapewa nguo. Picha ile ni ya kweli, ila ukweli wake ni wa siku ile moja.

Kuna jambo jingine ambalo lilitaka kutupoteza. Sahani za picha za miaka ile ziliona sana mwanga wa buluu na hazikuona vizuri nyekundu. Kwa sababu hiyo nguo nyekundu hutoka nyeusi, na buluu ya wastani hutoka nyeupe-nyeupe. Fundi wetu alikwisha kuandaa kanga "nyeusi na nyeupe" kwa ajili ya onyesho la harusi, akifuata picha. Bibi alicheka. "Hiyo ni kisutu," alisema, "na kisutu ina nyekundu. Nani aliolewa bila nyekundu?" Kweli, kisutu ndiyo kanga ya arusi kwa watu wa pwani, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwa kawaida haina jina. Picha peke yake isingetuambia, na Bibi peke yake asingetupatia vipimo. Vilihitajika vyote viwili.

Kosa letu

Tungeweza kuliruka sehemu hii, lakini kamati nyingine zitafanya kosa hili hili zisipoonywa.

Bibi alituazima kisutu cha mama yake. Kilikaa miaka mingi katika sanduku la mbao, kimekunjwa mara nne, na kilinuka sanduku. Sisi, kwa kutaka kumheshimu, tuliona tukifue kabla ya kukipima. Kililowekwa, kikasuguliwa kidogo tu, kikakamuliwa. Kilipokamuliwa kilichanika kufuata mikunjo yote, kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Pamba iliyozeeka huchoka zaidi pale inapokunjwa, na ikilowa huwa nzito, na uzito wake wenyewe unatosha kuimaliza. Fundi yeyote wa makumbusho angetuambia. Hatukuuliza.

Tulikwenda watu watatu kumwambia. Alivipapasa vipande akiwa ameketi jamvini, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama tulikuwa tumekipima kwanza. Tulikuwa hatujakipima. Akasema, "Basi leteni futikamba," na tukapima vipande pamoja naye, akituonyesha pindo lilipoanza na mji ulipokuwa. Vipimo tulivyotumia baadaye vimetoka kwa vipande vile. Vilishonewa juu ya kitambaa cheupe kilichofuliwa, na kumrudishia tukamrudishia, lakini si kitu kimoja, na hatutasema ni kitu kimoja.

Tangu siku ile tuna utaratibu ambao hatuuvunji. Nguo ya kuazima haifuliwi, haipigwi pasi, haijaribiwi mwilini hata na binti mwembamba. Inalazwa mezani juu ya shuka safi, inapigwa picha pamoja na rula, inapimwa, na mchoro wake unachorwa kwenye karatasi. Maneno ya mwenye nguo yanaandikwa siku hiyo hiyo: ilikuwa ya nani, ilinunuliwa wapi, ilivaliwa lini, ilifungwaje. Mwenye nguo anapewa hati yenye sahihi mbili, na nguo inarudi kabla ya giza. Ikibidi kuhifadhiwa, iviringishwe badala ya kukunjwa, ndani ya marekani iliyofuliwa mpaka wanga ukatoka, mbali na jua na panya.

Kushona

Kazi ya kushona ilikuwa nyepesi kuliko tulivyodhani, maana mavazi mengi ya zamani ya pwani hayakatwi kwa mkasi sana. Ufundi uko katika vipimo na katika kufunga.

Vipimo vya zamani vilikuwa vya mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama inchi 18. Richard Burton, aliyefuata njia ya misafara kutoka pwani mwaka 1857, aliviandika: mikono 4 ni shuka moja, yaani yadi 2; shuka 2 ni doti, yaani yadi 4. Leo tunasema doti tukimaanisha kanga mbili, na wengi wetu hatukujua kwamba tunatumia kipimo cha misafara. Merikani ilikuwa na upana wa kama yadi moja, kwa hiyo aliyetaka nguo pana aliunga shuka mbili kwa urefu. Ule mshono wa katikati unaonekana, na msiufiche. Kitambaa cha leo kina upana tofauti kulingana na duka. Kama ni kipana, tunashauri mkikate na kukiunga, la sivyo nguo haitaanguka vile.

Kabla ya kukata, lowekeni marekani usiku kucha na kuifua. Kitambaa kisichopaushwa hurudi, na kipya kina wanga mwingi unaokifanya kisimame kama boksi. Shuka zetu mbili za kwanza zilishonwa bila kufuliwa, na baada ya kufuliwa hazikuweza kumfunga mtu mzima. Sasa zinavaliwa na watoto wa Utoto Mtakatifu.

Pindo la merikani tulishona kwa mkono. Wasichana wa kikundi walilalamika kwamba cherehani ingemaliza kwa dakika 10, na ni kweli. Lakini kupiga bandi kwa mkono kuliwafundisha kunyoosha mshono kuliko somo lolote tulilowahi kutoa, na wawili kati yao sasa ndio wanaowafundisha wengine. Leso ya vipande sita nayo tuliishona kwa mkono, kwa vitambaa vya pamba vya madoadoa. Jihadharini na vitambaa vinavyoitwa pamba na kumbe si pamba. Choma uzi mmoja: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu, isiyo pamba inayeyuka na kuwa ushanga mgumu. Kanga isiyo ya pamba haikai mwilini. Inateleza, na msichana anaigiza huku ameshika kifua.

Kaniki ilizua mjadala ambao hatukuutegemea. Wajumbe wawili walikataa isiingie ukumbini wa parokia kwa sababu leo watu wengi wanaijua kama nguo ya waganga. Mjadala ulichukua vikao viwili. Mwisho Padre aliuliza kama tunaigiza habari za wakati ule au za wakati huu, na katekista akapendekeza msimulizi aieleze kaniki kwa sentensi mbili kabla ya pazia kufunguliwa. Ikakubalika, ingawa mjumbe mmoja hadi leo hajaridhika, na tunaheshimu msimamo wake.

Kufunga ndiko kulikotushinda kwa muda mrefu. Vijana wanaofunga kanga leo huifungia kiunoni juu ya sketi, na hawaamini kwamba inaweza kukaa kwapani siku nzima bila pini. Bibi aliwafundisha akiwa ameketi: pembe ya kulia iingie ndani, ya kushoto ipite juu, ikazwe ikunjwe mara mbili, ndipo pumzi ivutwe. Alimfanya mmoja wao atwange kinu kwa muda ili kuona kama itadondoka. Haikudondoka.

Kwa wafadhili wetu

Mfadhili mmoja alituandikia kwa upole akiuliza kwa nini fedha za mafunzo ya ushonaji zimetumika kwa nguo ambazo hakuna atakayezinunua. Ni swali halali. Kitambaa chote kilichotumika kilitoka katika fungu la vitambaa vya mazoezi, ambavyo wanafunzi wangevikata kwa vyovyote vile kujifunza pindo na viungo. Hatukuongeza gharama isipokuwa nauli za kwenda Bagamoyo, ambazo kamati ya parokia ilizichangia yenyewe. Hatudai kwamba mavazi haya yameleta kipato. Yalichokifanya ni kwamba familia nne zilizokuwa hazipendi kutajwa katika historia ya parokia, kwa sababu utajo wenyewe ulikuwa "wale wa magunia", zilikuja zenyewe kutusimulia habari za bibi zao na babu zao. Katekista amejaza daftari mbili.

Igizo lilirudiwa. Onyesho la soko lilichezwa kimya, pasipo minyororo ya bati, waigizaji wakiwa wamepakwa mafuta na kupambwa, na ukumbi ulinyamaza kweli. Katika onyesho la mwisho mwanamke anaingia amevaa kaniki, anaivua nyuma ya pazia, anatoka na kanga. Hakuna maneno. Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alisema ukaya ulikuwa mfupi mno, na ni kweli, ulikuwa mfupi, tumeshaushona mwingine.

Mavazi yote, shuka 14, kaniki 6, leso ya vipande sita moja, kanzu 5 na ukaya 2, yako katika sanduku la bati ofisini kwetu. Parokia yoyote inaweza kuyaazima bila malipo. Tunaomba barua ifike wiki tatu kabla, yenye sahihi ya mwenyekiti, na mavazi yarudishwe yakiwa yamefuliwa kwa sabuni ya mche na kukaushwa kivulini. Kaniki zifuliwe peke yake, maana bado zinatoa rangi.